Chakula cha Mwenzetu

Mambo haya hayakutokea kwetu. Kwetu kila kitu ni shwari, ghala zimejaa, na viongozi wetu wamekonda kwa kututumikia. Yalitokea mbali, katika Jamhuri ya Sawasawa, nchi isiyoonekana kwenye ramani yoyote. Msomaji atakayedhani ameitambua, namwomba anyamaze, kwa faida yake na yangu.

Sawasawa ilikuwa na mtawala mmoja, Mtukufu Baba wa Wote, na Mtukufu alikuwa na paka mmoja, dume jeupe lenye doa jeusi sikioni, jina lake Mwenzetu. Mwaka wa njaa kubwa wananchi walikwenda Ikulu wakigonga sufuria tupu. Mtukufu akatoka roshanini amempakata paka huyo, akasema kwa upole, "Watoto wangu, mimi na nyinyi ni kitu kimoja. Kuanzia leo hakuna mwananchi atakayekula pungufu ya anachokula paka wangu." Umati ulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Washauri wa Mtukufu ni watu waangalifu, na waliporudi ndani waliongeza maneno mawili kwa ajili ya usawa: wala zaidi.

Ikawa sheria. Kila adhuhuri redio ilitangaza Mwenzetu amekula nini na kiasi gani, na ghala la kila mtaa likampimia kila mtu kiasi hichohicho. Watu waliacha salamu za wazazi wao. Mmoja aliuliza, "Mwenzetu amekula?" na mwingine akajibu, "Amekula, tumeshiba." Aliyetaka kumwombea Mtukufu maisha marefu alimwombea kwanza paka hamu ya kula. Mwaka mmoja nywele zilimkwama Mwenzetu kooni akasusa sahani, na nchi nzima ikashinda na maji mpaka alipotapika. Mtaani kwa Daktari Nyange wapo wazee ambao habari njema ya matapishi yale haikuwakuta hai.

Daktari Nyange mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo aliyesomea ng'ambo, mtu wa maneno machache na shati lililonyooshwa. Wenzake wote walisomea ng'ombe. Yeye peke yake ndiye aliyewahi kuandika juu ya paka, ujanani, alipodhani kwamba kuandika juu ya paka hakuwezi kumponza mtu. Aliishi na mkewe Mashavu, na Mashavu, baada ya miaka mingi ya kungoja na kulia chooni ili mumewe asisikie, alikuwa mja mzito. Daktari alimpa nusu ya chakula chake kila siku na kumdanganya kwamba tumbo linamsumbua.

Siku moja wakiwa mezani, gari la kijivu lisilo na namba likasimama nje. Jirani yao Bi Kidawa, fundi wa nguo aliyekuwa akishona kibarazani, alibeba cherehani yake nzimanzima akaingia ndani na kufunga mlango. Mwanamke mwenye mwili ule hujapata kumwona akienda kasi namna ile.

"Wamekuja," alisema Daktari.

"Nenda, mume wangu," alisema Mashavu. "Lakini wakikuuliza neno, usijifanye mjuzi."

"Na nikijifanya mjinga?"

"Wajinga wanao wa kutosha. Watajua unaigiza."

Ikulu alipokewa na Waziri wa Shibe, Mheshimiwa Mapande, mwenye sauti nyororo na kifua kilichojaa nishani. Walipita ukumbi mrefu ambao kila picha ukutani ilikuwa ya paka akila.

"Daktari aliyekutangulia," Waziri alisema huku wakitembea, "alishauri Mwenzetu apunguziwe chakula."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Amepunguziwa yeye."

Mwenzetu alilazwa juu ya mto wa mahameli, akilindwa na askari wawili waliovaa glavu nyeupe. Pumzi zake zilisikika tangu mlangoni. Alijaribu kugeuka alambe mgongo, akafika nusu ya safari, akakata tamaa na kubaki anautazama kama mtu anavyoitazama nyumba aliyohamishwa. Daktari alipiga magoti, akaweka viganja viwili ubavuni mwa paka, akapapasa taratibu. Hakukuta mbavu. Alikuta mafuta, na chini kabisa ya mafuta, moyo uliokuwa ukijikokota.

"Paka mwenye afya," alisema kwa sauti ya darasani, kwa maana hofu ilimrudisha kwenye mazoea, "ukimpapasa hivi, mbavu zihisike chini ya kiganja. Za huyu hazihisiki. Na paka mnene halishwi kwa uzito alio nao, Mheshimiwa. Hulishwa kwa uzito anaopaswa kuwa nao."

"Mbavu zihisike," Waziri alirudia polepole, akiyaonja maneno. "Anaopaswa kuwa nao. Vizuri sana. Basi tuambie, Daktari, ale kiasi gani kwa siku?"

Hapo ndipo Daktari alipouona mtego, naye ameshakanyaga ndani. Kiasi kilichomfanya paka ashindwe kutembea ndicho kilichomfanya mtu mzima ashindwe kulala kwa njaa. Akisema paka apunguziwe, nchi nzima itapunguziwa, na Mashavu pamoja na kilichomo tumboni mwake. Akisema aendelee vilevile, paka atakufa, na paka mfu hali kitu. Kwa macho ya mawazo akamwona mkewe akirudi kutoka ghalani na bakuli tupu, na ile picha ndiyo iliyompa akili.

"Chakula hakipimwi kwa sahani, Mheshimiwa," alisema. "Hupimwa kwa uzito wa mwili. Kila kilo ina fungu lake. Paka mdogo ale cha udogo wake, mtu mkubwa ale cha ukubwa wake, na kipimo kiwe kimoja kwa wote."

"Kwa hiyo raia na Mwenzetu wanabaki sawa?"

"Sawasawa, Mheshimiwa."

Waziri alifunga vifungo vya koti, akaukabili ukuta usio na mtu, akahutubia. Alisema mataifa makubwa yamehangaika karne na karne kutafuta usawa na yameukosa kwa kuwa hayakuanza na paka. Alisema sayansi imepiga magoti mbele ya Mwenzetu, nasi tumeiona kwa macho yetu. Askari wakapiga makofi, ingawa kwa sababu ya glavu hayakutoa sauti.

Kwa muda mfupi Sawasawa ilionja maisha. Sahani ya Mwenzetu ilipungua, bakuli za watu zikaongezeka, na kila mtaa ukapewa mizani. Watu walipanda juu ya mizani wakicheka, wengine wakiwa na mawe mfukoni. Bi Kidawa, aliyerithi mwili kwa bibi zake wa pande zote mbili, alipimiwa samaki mpaka kapu likamlemea, akampelekea Mashavu nusu nzima. "Kula, mwanangu," alimwambia. "Mumeo ametuokoa." Mwenzetu naye alipona siku hadi siku. Alianza kupanda kiti mwenyewe, na Daktari alipokwenda kumpima, alimjia mlangoni na kumsugua miguu. Daktari alimpenda yule paka. Hilo halikuwa kosa lake.

Kisha ghala zikaanza kusema ukweli, kwamba akiba inakwisha, na gari la kijivu likarudi.

"Daktari," alisema Waziri, "wananchi wamekuwa wazito. Nimekumbuka hekima yako. Raia naye alishwe kwa uzito anaopaswa kuwa nao. Ni upi huo?"

"Inategemea kimo, Mheshimiwa, na umri, na kazi anayofanya..."

"Jibu refu huwa limeficha kitu."

"Watu si paka, Mheshimiwa."

Karani aliyekuwa akichapa aliinua vidole. Waziri aliinama mbele na kusema kwa upole uliomsisimua Daktari nywele za kisogoni, "Sikusikia vizuri. Rudia."

Daktari akarudia, "Nimesema watu... wanajitahidi kuwa kama paka."

"Ndivyo nilivyodhani. Basi usijisumbue na vimo. Ulitufundisha kanuni nyepesi, ya kiganja. Mbavu zihisike."

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Kikosi cha Mbavu. Askari waliingia nyumba hadi nyumba, wakapapasa wazee kwa watoto, na ambaye mbavu zake hazikuhisika alikatiwa chakula nusu, na nusu ya nusu, mpaka zihisike. Ili kuonyesha kwamba sheria haina upendeleo, Mheshimiwa Mapande alipapaswa hadharani, juu ya koti. Askari alikuta kitu kigumu chembamba, na kingine kando yake, akatangaza kwamba mbavu za Waziri ni za mfano. Zilikuwa kalamu zake.

Bi Kidawa hakuwa na kalamu. Walimkatia, wakamkatia tena. Alikaa kibarazani akipunguza nguo zake mwenyewe kwa cherehani, leo kiuno, kesho mabega, mpaka gauni moja likatoa vitambaa vya gauni la pili. Siku mbavu zake zilipohisika, askari walimletea beji ya pongezi. Hakuweza kuinuka kuipokea, wakambandikia alipolala. Alizikwa nayo. Mazishini watu walimwangalia Daktari, wakaangalia pembeni, na hakuna aliyemwuliza kama Mwenzetu amekula. Daktari alirudi nyumbani akasugua viganja kwa sabuni mpaka vikachubuka.

Kikosi kilipofika kwake, Waziri alikuja nacho, pamoja na watu wa redio, kwa kuwa Daktari sasa aliitwa Baba wa Kipimo na nyumba yake ilipaswa kuwa kioo cha taifa. Mashavu alisimamishwa sebuleni, mimba yake imekwisha kuwa kubwa. Askari wa kike alimpapasa ubavuni, na hakuhitaji hata kukandamiza. Kisha akampandisha kwenye mizani, akakunja uso.

"Mbavu zipo, Mheshimiwa. Lakini uzito umezidi."

"Uzito uliozidi ni wa nani?" Waziri aliuliza.

"Wa mtoto," alisema Daktari. "Mke wangu ni mja mzito."

"Hilo naliona. Lakini sheria hailioni. Mwenzetu ni dume, Daktari. Hajawahi kushika mimba, na hatutarajii. Mwili uliozidi ni mwili uliozidi. Apunguziwe."

"Mheshimiwa," alisema Mashavu akiwa bado juu ya mizani, sauti yake tulivu kabisa, "mkinipunguzia tena, nitazaa upepo."

Mtu wa redio alizima mtambo wake. Daktari alimtazama mkewe, alivyolifumbata tumbo kwa mikono iliyobaki mifupa, na kitu kikakatika ndani yake. Hakuwa tena na hofu ya gari la kijivu. Alikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa imesimama mbele yake juu ya mizani.

"Paka jike mwenye mimba," alisema, "haongezewi kidogo. Huongezewa mara mbili."

"Jike, ndiyo. Lakini mkeo akila mara mbili, atakuwa amekula zaidi ya Mwenzetu. Adhabu yake unaijua."

"Basi na Mwenzetu aongezewe mara mbili. Na nchi nzima."

Waziri alimkazia macho. "Itamfaa?"

Daktari aliuwaza ule moyo aliokuwa ameugusa chini ya mafuta, na paka anavyomjia mlangoni. Maisha yake yote hakuwahi kusema uongo juu ya mnyama.

"Itamfaa sana," alisema.

Waziri alifurahi, kwani ongezeko hutangazika vizuri kuliko punguzo. Mtambo ukawashwa. Kikosi cha Mbavu kilipewa mapumziko, ghala za akiba za jeshi zikafunguliwa, na Sawasawa ikala. Mashavu alikula mchana na jioni, rangi ikamrudia usoni, matiti yakajaa. Majirani walianza tena kumsalimu Daktari. Yeye aliitika, akaenda Ikulu, kwa kuwa alitakiwa kushuhudia kila mlo.

Mwenzetu hakutaka. Alikuwa ameonja wepesi na hakutaka kuurudia mto wa mahameli. Basi askari mmoja alimshika kichwa, wa pili akamlisha kwa kijiko, huku kwaya ya watumishi ikiimba kumtia hamu. Paka alikuwa akimtazama Daktari juu ya kijiko. Hakulia. Baada ya muda kiti kilimshinda, kisha zulia likamshinda, na asubuhi moja, kwaya ikiwa katikati ya ubeti, aliacha kumeza.

Daktari alimwekea kiganja. "Amekufa, Mheshimiwa."

"Nani amesema?" Waziri aliwageukia askari, kwaya, mpishi. Kila mmoja akatazama viatu vyake. "Umeona? Ni wewe peke yako."

"Moyo umesimama."

"Umepumzika. Mwenzetu amejizuia kula kwa hiari yake, kwa mapenzi yake kwa nchi, na wananchi, kwa hiari yao, watamuunga mkono."

Na kwa kuwa paka hakuwa amekufa, hakukuwa na aliyemuua. Daktari aliruhusiwa kwenda nyumbani kwa miguu, katikati ya barabara, akiwa mtu huru. Alitamani wangemfunga.

Adhuhuri ile redio ilitangaza kwamba Mwenzetu leo hakutaka chakula. Kesho yake ikatangaza hivyohivyo, kwa sauti ya kujivunia zaidi. Ghala zilifungwa kwa makufuli. Kikosi cha Mbavu kilirudishwa kazini, na kwa kuwa sasa mbavu zilionekana bila kupapaswa, kilipewa kazi ya kusikiliza. Askari walipita wakiweka sikio kwenye milango, wakitafuta sauti ya kutafuna. Mtu mmoja mtaani alichukuliwa kwa kusaga meno usingizini. Ukimya uliingia mjini, ukakaa.

Katika ukimya huo uchungu ukamshika Mashavu, mchana kweupe. Hakukuwa na mkunga aliyeweza kusimama. Daktari alikuwa amezalisha ng'ombe wengi, akakunja mikono ya shati, akamzalisha mkewe huku machozi yakimdondokea. Alitoka msichana, mdogo, mwekundu, mkali. Alilia kwa nguvu ambazo hakuna mtu mwingine mjini aliyekuwa bado nazo, na mara hatua za buti zikasikika zikija kuifuata sauti.

Mlango ukagongwa. "Hongera, Daktari," alisema askari kutoka nje. "Ni mtoto huyo?"

"Ni mtoto."

"Bado hajanyonya?"

"Bado."

"Asinyonye. Sheria haibagui umri. Atanyonya Mwenzetu atakapokula. Nasimama hapa hapa. Akiendelea kulia nitajua mmetii."

Daktari aligeuka. Mashavu alikuwa ameyasikia yote. Katika matiti yake yalikuwamo maziwa ya zile siku za mara mbili, yaliyokwisha kulowesha kanga, na mtoto alikuwa akiyatafuta kwa mdomo wazi, akigeuza kichwa huku na huku. Mke na mume walitazamana. Mashavu alimvuta mtoto kifuani.

Kilio kikakatika.

Nje, buti zilisogea, na mbao za mlango zikalia kidogo askari alipoegemeza sikio. "Daktari? Mbona kimya?"

Daktari Nyange, msomi wa ng'ambo, Baba wa Kipimo, aliketi sakafuni penye damu ya uzazi, akaziba pua kwa vidole viwili, akafungua kinywa na kuanza kulia kwa sauti ya kichanga. Mara ya kwanza ilitoka vibaya. Akajaribu tena, nyembamba zaidi, ya kukatikakatika, huku mtoto akimeza bila haraka na Mashavu akimtazama mumewe juu ya kichwa cha mwanawe.

"Vizuri," alisema askari. "Bado ana njaa." Akaenda kusikiliza mlango wa pili.

Buti zilipokwisha kufika mbali, Mashavu alimnong'oneza, "Basi, mume wangu. Ameshaondoka. Nyamaza." Daktari alijaribu kunyamaza, akashindwa.